Meza ya Karani: Hobbs na Sutcliffe, Nani Mkubwa?

Juma hili nimepata barua kutoka kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Anasema vijana wake wa darasa la juu walisoma katika kitabu cha zamani habari za wachezaji wawili wa kriketi wa Uingereza, Jack Hobbs na Herbert Sutcliffe. Wakazitazama hesabu zao, wakaanza kubishana, hata darasa likagawanyika pande mbili. Upande mmoja wasema Sutcliffe ndiye mkubwa, maana hesabu zake zinashinda. Upande wa pili wasema ni Hobbs, maana watu wa zamani zake walimpa jina la Fundi Mkuu. Sasa vijana wawili waliokuwa wakikaa dawati moja hawasemezani. Mwalimu ananiomba niamue.

Kuamua ni kazi ngumu, lakini kupima twaweza. Kazi yangu mimi ni kuandika majina, tarehe na idadi katika vitabu, nami naiheshimu hesabu kwa sababu haina upendeleo. Haimwogopi tajiri wala haimwonei maskini. Ila ina desturi moja: hujibu lile uliloiuliza tu, halizidishi. Ukiiuliza vibaya, itakujibu kweli tupu, nawe utapotea. Basi tuiulize vema.

KWANZA MCHEZO WENYEWE

Baadhi yenu mmewaona Wahindi wa mjini wakicheza kriketi siku za mapumziko, wamevaa nguo nyeupe, mkapita zenu kwa kuwa hamkuelewa lolote. Haya, nitaeleza kwa ufupi.

Kila upande una watu 11. Katikati ya uwanja pana njia iliyokatwa majani mpaka chini kabisa, urefu wake kama meta 20, na kila mwisho wa njia vimesimamishwa vijiti vitatu. Mrushaji hurusha mpira mgumu wa ngozi akitaka kuviangusha vijiti; mpigaji husimama mbele yake na ubao mkononi, akivilinda. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake aliye mwisho wa pili hukimbia na kubadilishana mahali, na kila wakibadilishana huhesabiwa mkimbio mmoja. Mpira ukibiringika mpaka ukingo wa uwanja ni mikimbio 4. Ukiruka ukingo bila kugusa chini ni 6. Vijiti vikiangushwa na mrushaji, au mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji ametolewa na mwingine huingia. Wakitolewa 10, zamu ya upande huo imekwisha. Mtu akifikisha mikimbio 100 katika zamu moja, watu wote husimama kumpigia makofi. Hiyo sisi tutaiita mia. Na michezo mikubwa baina ya nchi na nchi huitwa Testi, nayo hudumu siku kadhaa.

Wapigaji, kama mlivyoona, huwa uwanjani wawili wawili. Wale wawili wanaotangulia huitwa wafunguzi. Kazi yao ni nzito kwa sababu tatu. Mpira ungali mpya na mgumu, nao huruka kwa nguvu. Warushaji wangali na pumzi zao zote. Tena hakuna ajuaye bado tabia ya njia siku ile, kama ni tulivu au ina hila. Wafunguzi ni kama watu wawili wanaotangulia kuingia mtoni wakati wa masika, wenzao wakisubiri ukingoni kuona maji yatawafika wapi. Wakivuka salama, wote walio nyuma hupata moyo.

Hobbs na Sutcliffe walikuwa wafunguzi, tena wafunguzi wa upande mmoja, wakiingia pamoja. Kumbukeni neno hilo, maana tutalirudia.

SASA HESABU

Jack Hobbs alicheza Testi 61, tangu Januari 1908 mpaka Agosti 1930. Aliingia zamu 102, akapata mikimbio 5,410 na mia 15. Herbert Sutcliffe alicheza Testi 54, tangu 1924 mpaka 1935. Aliingia zamu 84, akapata mikimbio 4,555 na mia 16.

Nanyi watoto wa shule, chukueni penseli. Katika kriketi wastani haupatikani kwa kugawanya kwa idadi ya zamu, bali kwa idadi ya mara mtu alizotolewa. Hobbs katika zamu zake 102 alibaki bila kutolewa mara 7. Basi alitolewa mara 95. Gawanyeni 5,410 kwa 95, mtapata 56 na zaidi kidogo ya tisa ya kumi. Vitabu huandika 56.94. Sutcliffe katika zamu 84 alibaki mara 9, basi alitolewa mara 75. Gawanyeni 4,555 kwa 75, mtapata 60.73.

Mmeona? Sutcliffe anamzidi Hobbs karibu mikimbio minne kila mara ya kutolewa. Tena amempita kwa mia moja, hali zamu zake ni pungufu kwa 18. Wala msiseme alijinenepesha kwa kucheza na wanyonge. Katika siku zao adui mkali kuliko wote alikuwa Australia. Juu ya Waaustralia wastani wa Hobbs ni 54.26, wa Sutcliffe ni 66.85. Na jambo la ajabu zaidi ni hili: tangu alipoanza Testi mpaka alipoacha, wastani wa Sutcliffe haukushuka chini ya 60 hata siku moja. Hata leo, katika Waingereza waliokwisha kuacha mchezo baada ya kucheza Testi 20 au zaidi, hakuna mwenye wastani wa kumpita.

Hapo nawasikia vijana wa upande wa Sutcliffe wakishangilia. Washangilie, lakini wasikunje daftari bado. Tumeiuliza hesabu swali moja tu: nani alipata mikimbio mingi kwa kila mara ya kutolewa? Imejibu. Hatujaiuliza alipata lini, wapi, na akiwa na umri gani.

ALIKOTOKA KILA MMOJA

Hobbs alizaliwa Cambridge tarehe 16 Desemba 1882, mtoto wa kwanza kati ya 12. Baba yake alikuwa mtunza uwanja katika chuo kimoja cha mji ule. Mtoto alijifunza mchezo kwa vitu vya kuokoteza: kijiti kimoja badala ya ubao, na mpira mwepesi wa tenisi, akicheza juu ya changarawe na watumishi wa chuo wakati wa likizo. Nadhani hapo ndipo alipopata jicho lake. Atakayejifunza kupiga mpira kwa kijiti chembamba, siku atakapopewa ubao mpana ataona kazi imekuwa nyepesi.

Baba alifariki mwaka 1902, nyumba ikaachwa na watoto wengi na fedha kidogo. Hobbs alitaka kuingia timu ya jimbo la Essex, wala hakupata jibu. Akapokewa na Surrey, timu ya London upande wa kusini. Mwaka 1905, mara ya kwanza alipochezea Surrey katika mashindano ya majimbo, walikutana na nani? Na hao hao Essex. Akawapiga mikimbio 155.

Sutcliffe yeye alizaliwa tarehe 24 Novemba 1894 katika kijiji cha Summerbridge, jimbo la Yorkshire. Alifiwa na baba angali mdogo sana, na alipokuwa na miaka tisa akafiwa na mama kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Shangazi zake walimlea katika mji mdogo wa Pudsey, ambako walikuwa na kazi ya kuoka mikate. Akaacha shule mapema, akawekwa kujifunza kazi ya viatu. Yatima huyo alikua akawa mtu wa utulivu mwingi. Waliomwona wanasema nywele zake hazikuwahi kutimka na uso wake haukuwahi kubadilika, mpira umempiga mwilini au umemkosa. Mrushaji alikuwa na uwezo wa kumshinda mara tatu mfululizo, naye asionyeshe dalili yoyote. Akaungoja mpira wa nne kama hakuna lililotokea.

Nawapeni habari hizi si kwa kupamba maneno. Wote wawili walikuwa watoto wa watu wa kawaida waliocheza kwa mshahara ili wale. Siku wasipopata mikimbio, nyumbani palijulikana.

MAMBO AMBAYO WASTANI HAUSEMI

Sasa tuulize lini. Hobbs alianza Testi ana miaka 25. Alikuwa katika nguvu zake vita kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914. Testi zikasimama. Uingereza iliporudi uwanjani Desemba 1920, Hobbs alikuwa amekwisha kutimiza miaka 38. Yaani tangu miaka 31 mpaka 38, ile miaka ambayo mpigaji anayajua yote na mwili ungali unamtii, yeye hakucheza hata Testi moja. Mwaka 1921 alipatwa na ugonjwa wa kidole tumbo, akapasuliwa, akapoteza muda tena. Na hata hivyo aliendelea katika Testi mpaka miaka 47.

Lakini tuwe waadilifu. Vita hiyo hiyo ilimchukua Sutcliffe pia akiwa askari kijana, ikamwachia mchezo wa jimbo ana miaka 24, na Testi ana miaka 29. Kila mmoja alinyang'anywa. Tofauti ni kwamba Sutcliffe alinyang'anywa miaka ya kujifunza, Hobbs miaka ya kuvuna.

Tuulize tena wapi. Siku hizo njia za kriketi hazikufunikwa mvua inaponyesha. Maji yaliingia ardhini, kisha jua likachoma juu, na njia ikawa kama udongo wa mfinyanzi uliokauka nusu. Mpira ukitua hapo, mmoja huruka mpaka usoni, wa pili huteleza miguuni, na aliyeurusha mwenyewe hajui utakwenda wapi. Wote wawili walipambana na njia za namna hiyo. Lakini Hobbs alikuwa amepitia na mengine kabla: huko Afrika Kusini, mwaka 1909 kuingia 1910, njia zilikuwa mikeka ya nyuzi iliyotandikwa juu ya ardhi ngumu, na warushaji wa kule walikuwa mabingwa wa mpira unaozunguka upande usioutazamia. Hapo Hobbs alipata mikimbio 539 katika Testi tano. Miaka ya nyuma warushaji walikuwa wenye nguvu. Baadaye, hasa katika Australia, njia zilitengenezwa tulivu zaidi na mikimbio ikawa mingi kwa watu wote. Kwa hiyo mikimbio 50 ya 1910 na mikimbio 50 ya 1930 imeandikwa kwa tarakimu zile zile, lakini uzito wake si mmoja. Mwenye duka ataelewa: shilingi ya zamani na shilingi ya leo jina lao ni moja.

Katika michezo yote mikubwa, Testi zikiwemo, Hobbs alifikisha mia 197, wala hakuna aliyemfikia mpaka leo. Karibu nusu yake alizipata baada ya kutimiza miaka 40. Sutcliffe alifikisha 149. Na hapa nicheke kidogo, maana ni jambo la makarani: vitabu vingine husema 199 na 151. Wawili hao walisafiri pamoja India na Ceylon mwaka 1930 kuingia 1931 na timu ya mwana wa mfalme mmoja wa Kihindi, kila mmoja akapata mia mbili huko, na makarani wa kriketi hawajapatana kama michezo ile ilikuwa mikubwa ya kutosha kuandikwa. Ikiwa waandishi wenyewe hawakubaliani, vijana wa dawati moja wagombane kwa nini?

SIKU TATU

Mpaka hapa mizani inainama huku na huku. Basi niwaonyeshe wawili hao pamoja, kwa sababu Testi ya kwanza ya Sutcliffe, huko Birmingham Juni 1924, aliingia na Hobbs, nao wakapata mikimbio 136 kabla ya kutengana. Mchezo uliofuata, huko London, wakapata 268. Hobbs alikuwa na miaka 41, Sutcliffe 29.

Siku ya kwanza ni ya Melbourne, Australia, Januari 1925. Waaustralia walikuwa wamepata mikimbio 600, mzigo wa kumkatisha mtu tamaa. Hobbs na Sutcliffe wakaingia asubuhi. Ikafika saa ya chakula, wamo. Ikafika saa ya chai, wamo. Jua likashuka, wamo bado, wana 283, hakuna aliyetolewa mchana kutwa. Kesho yake Hobbs akatolewa mapema kwa 154. Sutcliffe akafikisha 176, na katika zamu ya pili ya mchezo ule ule akapata 127. Na Uingereza ikashindwa. Ndiyo, ikashindwa kwa mikimbio 81. Wawili wanaweza kufungua mlango; hawawezi kuingia kwa niaba ya watu wote.

Siku ya pili ni ya uwanja wa Oval, London, Agosti 1926. Testi nne za mwaka ule zilikuwa zimeisha bila mshindi, hii ya tano ndiyo ya kukata shauri. Uingereza haikuwa imeshinda mashindano na Australia tangu 1912. Wafunguzi walilala wana 49. Usiku mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi jua likatoka, na kila mjuzi akajua njia imeharibika. Mpira ukawa waruka na kupinda. Hobbs na Sutcliffe wakaucheza kwa subira, wakiuacha upitao, wakiuua unaoruka, wakiiba mkimbio mmoja mmoja. Hawakutengana mpaka 172. Hobbs alipata 100 kamili, Sutcliffe 161, na Uingereza ikashinda kwa mikimbio 289.

Siku ya tatu ni Melbourne tena, Januari 1929. Uingereza ilitakiwa kupata 332 katika zamu ya mwisho, na mvua ilikuwa imeigeuza njia kuwa mtego. Wengi walidhani timu nzima haitafika hata 100. Wawili peke yao wakafikisha 105, mipira ikiwapiga mwilini. Katikati ya taabu ile Hobbs akaashiria kwamba anataka ubao mwingine. Haukuwa ubao aliotaka. Alitaka kupeleka neno kwa kapteni, kwamba mmoja wetu akitolewa, mwingize Jardine, kwa kuwa yeye atavumilia. Mtu wa miaka 46, amesimama kwenye hatari, na anawaza juu ya atakayefuata. Hobbs akatolewa kwa 49. Sutcliffe akaendelea mpaka kesho yake, akapata 135, na Uingereza ikashinda, wanne wakiwa hawajatolewa.

Sasa angalieni. Katika kitabu, siku ile inaandikwa Sutcliffe 135, Hobbs 49. Mtoto atasema Sutcliffe alimshinda Hobbs. Lakini mahali pa kuandika lile neno lililopelekwa pamoja na ubao hapapo. Wala hapana mahali pa kuandika utulivu wa Sutcliffe upande wa pili, uliomwezesha mzee yule kutumia akili yake bila kuogopa kwamba mwenzake atapotea.

HESABU YA WAWILI

Basi tuiulize hesabu swali la mwisho, nami naliona ndilo swali hasa. Walipofungua pamoja walipata nini? Jibu: waliingia pamoja zamu 38 za Testi, wakapata mikimbio 3,249, wastani wa 87.81 kabla ya mmoja kutolewa. Mara 15 walifikisha 100 au zaidi kabla ya kutengana.

Ili mjue ukubwa wa neno hilo, walinganisheni na wafunguzi mashuhuri wa West Indies, Gordon Greenidge na Desmond Haynes, waliocheza pamoja tangu 1978 mpaka 1991. Hao walifikisha 100 mara 16, moja zaidi. Lakini waliingia pamoja zamu 148. Wale wa kwanza zamu 38 tu.

Tena si kwamba kila mmoja alikuwa hodari kwa bahati ya mwenzake. Kabla ya Sutcliffe, Hobbs alifungua na Wilfred Rhodes, mtu ambaye hapo mwanzo aliingia wa mwisho kabisa katika timu. Mwaka 1912 huko Melbourne wakapata 323. Naye Sutcliffe nyumbani Yorkshire alifungua na Percy Holmes. Mwaka 1932 wakapata 555, Sutcliffe mwenyewe 313. Timu iliyopata taabu hiyo ilikuwa Essex, maskini. Kwa hiyo wote wawili walikuwa na ufundi ambao wastani wa mtu mmoja hauwezi kuuonyesha: ufundi wa kucheza na mwenzio. Walikimbia mkimbio mmoja wa haraka mahali ambapo wengine wangesimama, mara nyingi bila kuitana, mmoja akimtazama mwenzake na kwenda. Anayekimbia hivyo akikosea, hatolewi yeye tu, pengine hutolewa mwenzake. Hapo ndipo penye kuaminiana.

Na shahidi wa mwisho ni Sutcliffe mwenyewe. Yeye mwenye wastani mkubwa, yeye ambaye angeweza kunyoshea kidole kitabu na kusema "Soma hapo," alishuhudia kwamba Hobbs ndiye mpigaji bora wa kizazi chake katika njia za kila namna, naye alijua kwa kuwa alikuwa upande wa pili wa njia akimtazama.

MALANGO MAWILI

Neno moja zaidi. Siku hizo Uingereza iliwagawa wachezaji. Waliocheza kwa kujifurahisha, watu wa jamaa bora, walikuwa na chumba chao na mlango wao wa kuingilia uwanjani. Waliocheza kwa mshahara walipita mlango mwingine. Ukapteni uliwekwa kwa wale wa kwanza. Lakini Julai 1926 huko Manchester kapteni wa Uingereza aliugua katikati ya Testi, na Hobbs akashika uongozi, wa kwanza katika watu wa mshahara kuiongoza nchi yake nyumbani. Mwaka uliofuata Yorkshire wakampa Sutcliffe ukapteni. Palipotokea manung'uniko, akaukataa kwa adabu, akaendelea kupiga. Mwaka 1953 Hobbs alipewa heshima ya kuitwa Sir. Hakuna mpigaji wa mshahara aliyeipata kabla yake. Alifariki Desemba 1963. Sutcliffe alifariki Januari 1978.

Ukienda leo uwanja wa Oval, lango kubwa lina jina la Hobbs, tangu 1934. Ukienda uwanja wa Headingley, huko Leeds, yapo malango yenye jina la Sutcliffe, tangu 1965. Watu waliopitishwa mlango wa pembeni, sasa kila mtu anapita katika lango lenye jina lao. Nao ni wafunguzi. Naona heshima hiyo imewafaa.

HUKUMU YA KARANI

Mwalimu mpenzi, waambie vijana wako hivi. Mkitaka mtu wa kusimama asiondoke, siku adui ni Australia na mambo yameharibika, chagueni Sutcliffe, na hesabu itawaunga mkono. Mkitaka mtu wa kupiga mpira wa kila aina, kwenye mkeka, kwenye tope na kwenye ardhi ngumu, tangu ujana mpaka uzee, chagueni Hobbs, na Sutcliffe mwenyewe atawaunga mkono. Mimi nikilazimishwa kusema jina moja, nasema Hobbs, kwa ushahidi wa aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Lakini anayewatenganisha ili ampate mmoja, amelipoteza jambo kubwa kuliko wote wawili, yaani ile 87.81. Hiyo haikuwa ya Hobbs wala ya Sutcliffe.

Nanyi wazazi, ripoti za shule zitakapokuja, mtaweka karatasi mbili mezani, ya mtoto huyu na ya ndugu yake. Someni hesabu, maana hesabu ni ya kweli. Kisha ulizeni na yale ambayo karatasi haikuulizwa: nani alikuwa mgonjwa muhula ule, nani alichota maji asubuhi ili mwenziwe awahi shule, nani alimfundisha mdogo wake kugawanya. Mtoto aliyepata 56 pengine ndiye aliyemsaidia ndugu yake kupata 60.

Na wale vijana wawili warudi dawati lao. Wakitaka kuendelea kubishana, ruhusa, ila wabishane wakiwa wamekaa pamoja. Haya, kwaherini hata juma lijalo.

Ni mimi, Karani wenu.